Usafi wa mzee asiyejiweza: nini huachwa, kwa nini, na hufanywaje

Kila inapozunguka kwenye simu za watu wa Goma picha ya mzee aliyekutwa amelowa kitandani, mabishano huwa yale yale. Mmoja analaani watoto wake, mwingine analaani wafanyakazi wa nyumba ya wazee, wa tatu anasema uzee ndivyo ulivyo, harufu haikwepeki. Wapo pia wenye ndugu Ubelgiji na Ufaransa wanaokumbusha kwamba hata huko, kwenye nyumba za kulipia pesa nyingi, wazee huachwa na mkojo. Hawasemi uongo: mwaka 2022 Ufaransa ilitikisika baada ya uchunguzi wa mwandishi wa habari kudai kwamba nepi zilikuwa zikitolewa kwa kuhesabiwa katika nyumba za kampuni moja kubwa ya wazee. Na tuseme hili mapema: kusambaza picha ya mzee aliye nusu uchi, hata kwa nia ya kumtetea, ni kumvunjia heshima mara ya pili.

Katika kelele hizo zote swali moja halijibiwi: ni kazi ipi hasa haikufanyika? Usafi wa mzee asiyejiweza ni kazi zenye hesabu, zenye saa zake na vifaa vyake. Zikiachwa, mwili hueleza zipi zimeachwa na tangu lini, kwa yeyote anayejua pa kuangalia.

Kwanza, nani hajiwezi? Si kila mzee, wala si kila mgonjwa. Mwaka 1963 daktari Mmarekani Sidney Katz na wenzake walitoa kipimo kinachotumika hadi leo, chenye mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kuzuia haja, na kula. Kwa kila jambo unauliza: analifanya mwenyewe, au anahitaji mkono wa mtu? Koko, kama tunavyomwita bibi au babu, anaweza kuzungumza vizuri, akakumbuka majina ya wajukuu wote na kusali rozari yake bila kukosea, na bado akawa hajiwezi kwa kuoga, kwenda chooni na kuhama kitandani. Huyo ndiye anayesahaulika haraka zaidi, kwa sababu ulimi wake mzima huwadanganya watu kwamba mwili nao ni mzima.

Pili, kutelekeza ni nini? Shirika la Afya Duniani linahesabu kutelekeza kuwa aina mojawapo ya unyanyasaji wa wazee, pamoja na kupiga, kutukana na kula pesa zao. Kutelekeza hakuhitaji moyo mbaya. Ni mtu kuhitaji huduma, na aliyepewa jukumu la kuitoa asiitoe, iwe kwa ukatili, kwa kuchoka, kwa kutojua au kwa kuzidiwa na kazi. Shirika hilo hilo linasema kwamba wafanyakazi wawili kati ya watatu wa nyumba za wazee, walipoulizwa, walikubali kuwa wamewahi kumtendea mzee unyanyasaji wa aina fulani ndani ya mwaka mmoja uliopita. Wengi wao hawakuingia kazini wakiwa wabaya. Ndiyo maana kulaani hakusaidii sana. Kuhesabu kunasaidia zaidi.

Basi tuhesabu. Kumwosha mzee mmoja kitandani, kumsafisha kinywa, kumbadilisha na kumvisha huchukua dakika 30 hadi 40 kama kazi inafanywa kwa heshima. Mtunzaji mmoja akipewa wazee 12, hizo ni saa 6 hadi 8 za kuosha tu, kabla ya kulisha, kabla ya kugeuza, kabla ya kufua mashuka. Zamu imekwisha. Kwa hiyo kazi huanza kukatwa, na hukatwa kwa mpangilio unaofanana karibu kila mahali: kwanza kinywa, kwa sababu hakionekani, kisha kucha, kisha nywele na nyuma ya masikio, kisha nyayo, kisha mgongo. Mwishoni hubaki uso uliopanguswa na shati safi, yaani vile vitu ambavyo mgeni wa Jumapili ataviona. Mashariki mwa Kongo nyumba za wazee ni chache, na wazee wengi wako nyumbani kwa watoto wao, lakini hesabu ni ile ile: binti mmoja mwenye mama asiyejiweza, watoto wanne na meza ya biashara sokoni anakata kazi kwa mpangilio huo huo.

Sababu nyingine inayotajwa Goma ni maji. Mji umejengwa juu ya miamba ya volkano ya Nyiragongo, bomba halifiki kila mtaa, na bidoni ya lita 20 hupandishwa kwa mgongo, kwa pikipiki au kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Ni shida ya kweli. Ila kuosha mwili mzima wa mzee kitandani kunahitaji lita 8 tu: lita 3 za mwanzo kwa uso, mikono, kifua na tumbo; lita 3 nyingine safi kwa miguu na mgongo; na lita 2 za mwisho kwa sehemu za siri na makalio. Haifiki nusu ya bidoni. Tena si lazima mwili mzima uoshwe kila siku. Ngozi ya mzee ni nyembamba na kavu, na kuoga mwili mzima mara 2 au 3 kwa wiki kunatosha. Kisichosubiri, hata siku moja, ni uso, mikono, kwapa, mikunjo ya ngozi, kinywa na sehemu za siri. Hizo zote zinakamilika kwa lita 3 au 4. Kinachotumia maji mengi kweli ni kufua mashuka, na mashuka hupungua mzee anapobadilishwa kwa wakati.

Maji ya Ziwa Kivu yatibiwe kabla ya kugusa kinywa na macho. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatosha bidoni moja ya lita 20 ya maji yasiyo na tope. Subiri dakika 30. Au chemsha.

Sasa kazi yenyewe. Chagua saa ya joto, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa sababu Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na mwili wa mzee hupoteza joto haraka. Funga dirisha na mlango. Pasha maji kwenye mbabula (jiko la makaa) nje, uyaingize ndani yakiwa tayari. Usiingize mbabula yenye makala chumbani ili kumpasha mzee joto. Moshi wa makala usioonekana unaua kimyakimya, na mzee asiyeweza kuinuka hawezi kujiokoa. Pima maji kwa kiwiko chako: yawe ya joto la mwili au zaidi kidogo. Kiganja kilichozoea sufuria si kipimo.

Andaa kila kitu kabla ya kumfunua: beseni mbili, vitambaa vitatu vidogo vyenye rangi tofauti (cha uso, cha mwili, cha chini), taulo mbili, kitenge kikubwa cha kumfunikia, plastiki ya kutandika chini ya shuka, sabuni, vaselini, nguo safi. Kosa kubwa la wanaoanza ni kumwacha mzee uchi na kwenda kutafuta sabuni. Kitenge kinabaki juu yake muda wote. Unafunua sehemu unayoosha tu, unaiosha, unaisuuza, unaikausha na kuifunika, ndipo unahamia nyingine.

Mwoshe kutoka pasafi kwenda pachafu. Macho kwanza, kwa maji bila sabuni, ukipangusa kutoka kona ya pua kwenda nje, na kila jicho na pembe yake ya kitambaa ili ugonjwa wa jicho moja usihamie la pili. Kisha uso, nyuma ya masikio, shingo, mikono na kwapa. Chini ya matiti na kwenye mikunjo ya tumbo, inua ngozi taratibu, osha, kisha kausha kwa kugandamiza taulo bila kusugua. Mkunjo uliobaki na unyevu huota fangasi, ukawasha na kunuka. Usitie poda humo. Poda ikichanganyika na jasho hugeuka kuwa madonge madogo yanayokwaruza ngozi, ingawa familia nyingi huiona kuwa ndiyo usafi wenyewe. Badilisha maji. Miguu iloweshwe ndani ya beseni ikiwezekana, na ikaushwe kidole kwa kidole. Mgeuze kwa ubavu, osha mgongo, na hapo hapo uangalie mifupa, jambo tutakalolirudia.

Sehemu za siri ni za mwisho, kwa maji mapya na kitambaa cha tatu. Kwa mwanamke, pangusa kutoka mbele kwenda nyuma, usirudi nyuma kwenda mbele kamwe, kwani uchafu wa haja kubwa ukifika njia ya mkojo unaleta maambukizi. Sabuni isiingizwe ndani. Kwa mwanamume asiyetahiriwa, rudisha govi nyuma taratibu, safisha, kausha, kisha ulirejeshe mahali pake. Likisahaulika nyuma linavimba, linakaza, na ndani ya saa chache imekuwa dharura ya hospitali. Kama mzee bado ana mkono unaofanya kazi, mpe kitambaa ajioshe mwenyewe sehemu hiyo. Dakika mbili unazopoteza anazipata yeye kama heshima.

Sabuni ya kufulia, ile ya mche, ni kali mno kwa ngozi. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na uchachu huo ndio unaozuia vijidudu. Sabuni kali huuondoa kwa saa kadhaa. Kama ndiyo pekee iliyopo, tumia kidogo sana, kwenye kwapa na sehemu za chini tu, na suuza hadi ngozi isiteleze. Povu lililoachwa likaukie mwilini ndilo chanzo cha kuwashwa kwingi kunakoitwa mzio.

Kuna sehemu moja ya mwili inayofaa kuangaliwa kwa karibu, maana inaeleza kuliko zote: kiganja cha mzee aliyepooza upande mmoja. Baada ya kiharusi vidole vya upande ule hujikunja na kubaki ngumi. Kwa kuwa ngumi haifunguki kwa urahisi, watu huosha juu ya mkono na kuendelea. Wiki zinapita. Ndani ya ngumi jasho linakusanyika, ngozi inalainika na kuwa nyeupe, kucha zinarefuka na kuanza kuchoma kiganja, na harufu inayotoka humo ni kali kuliko ya kwapa. Ukijaribu kuvuta vidole kwa nguvu, mzee analia na misuli inakaza zaidi. Njia ni hii: shika kifundo cha mkono, ukikunje polepole kuelekea upande wa ndani wa mkono, kifundo kikikunjika, vidole hulegea vyenyewe. Ingiza kidole chako kutokea upande wa kidole kidogo, fungua kimoja baada ya kingine, tia kiganja ndani ya maji vuguvugu dakika 5 hadi 10, osha, kausha vizuri, kata kucha, kisha mshikishe kitambaa safi kilichoviringwa. Kila siku. Ukitembelea nyumba ya wazee na ukataka kujua ukweli bila kuuliza mtu, omba kushika mkono uliopooza.

Kinywa nacho kina imani potofu yake: asiye na meno hahitaji kusafishwa. Kinyume chake, kinywa kilichoachwa hujaa vijidudu, na mzee anayemeza kwa shida huvivuta kidogokidogo hadi mapafuni pamoja na mate. Utafiti uliofanywa katika nyumba 11 za wazee nchini Japani na kutolewa mwaka 1999 ulifuatilia wazee kwa miaka miwili: kati ya wasiopewa huduma ya kinywa, 19 kwa kila 100 waliugua homa ya mapafu, kati ya waliosafishwa kinywa, 11 kwa kila 100. Kwa kazi ya mswaki, hiyo ni tofauti kubwa.

Msafishe mara mbili kwa siku, akiwa ameketi au ameinuliwa kichwa. Asiyeweza kuinuliwa alazwe kwa ubavu ili maji yatoke nje yasimwingie kooni. Mswaki laini, dawa kiasi cha punje moja ya mahindi, maji kidogo. Fizi, ulimi na ndani ya mashavu visafishwe pia. Usiingize kidole chako kati ya meno ya mzee aliyechanganyikiwa; funga kitambaa kwenye mpini wa kijiko. Meno ya bandia yatolewe usiku, yasuguliwe kwa sabuni laini juu ya beseni yenye maji ili yakiponyoka yasivunjike, kisha yalale ndani ya maji baridi safi. Maji ya moto huyapinda. Utando mweupe kwenye ulimi au mashavu ambao ukipanguswa unaacha wekundu ni fangasi, na kituo cha afya kina dawa yake.

Sasa turudi kwenye mkojo na mifupa, mahali ambapo hata watunzaji wazoefu huchanganya mambo mawili. Kuna ngozi iliyoharibiwa na unyevu na kuna kidonda cha kulalia, kile ambacho wauguzi wetu wanakiita eskare. Dawa zake si moja.

Ngozi inayokaa ndani ya nepi iliyolowa hulainika kama vidole vya mtu aliyefua nguo asubuhi nzima, na ngozi iliyolainika huchubuka kwa msuguano mdogo tu. Juu ya hapo mkojo unaokaa hugeuka amonia, uchachu wa ngozi unapotea, na kinyesi, hasa cha kuharisha, kinaanza kuila. Uharibifu huu huenea: makalio yote mawili, mapajani kwa ndani, kwenye mikunjo, bila mpaka unaoeleweka. Kidonda cha kulalia chenyewe hutokea pale mfupa unapogandamiza nyama juu ya godoro hadi damu isipite: juu ya mfupa wa mkia, visigino, nyonga, vifundo, viwiko, nyuma ya kichwa. Huwa na umbo na mpaka. Cha kwanza kinatibiwa kwa kukausha na kubadilisha mara kwa mara, pamoja na tabaka jembamba la vaselini au krimu ya zinki. Cha pili hakiponi kwa krimu yoyote kama mzee hageuzwi.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Maelekezo mengi ya uuguzi yanasema dalili ya kwanza ya kidonda cha kulalia ni wekundu usioondoka ukibonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Angalia kwa mwanga wa mchana: je, sehemu hiyo imekuwa nyeusi zaidi, au ya zambarau, kuliko ngozi ya jirani? Kisha gusa kwa mgongo wa mkono: ina joto au ubaridi usio wa kawaida, imekuwa ngumu au tepetepe, mzee anashtuka? Moja ya hizo inatosha kuchukua hatua siku hiyo hiyo. Wazee wengi weusi hugunduliwa wakati ngozi imeshafunguka, na hilo si kwa sababu kidonda kilikuja ghafla.

Mgeuze kila saa 2 akiwa kitandani. Akiwa kwenye kiti, mwinue au mwegemeze upande kila saa. Asilazwe ubavu kamili, mfupa wa nyonga utaumia. Mwegemeze kidogo tu, mto ukiwa nyuma ya mgongo. Mto mwingine uwekwe chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie bila kugusa chochote. Usisugue wala kukanda sehemu iliyobadilika rangi, ingawa mkono utatamani kufanya hivyo: mishipa ya damu pale imeshaumia na kukanda huirarua. Ule mpira wa duara wenye tundu katikati, unaouzwa kama msaada, nao hubana damu kuzunguka tundu. Uachwe.

Nepi za watu wazima, zile zinazoitwa pampers sokoni, ni ghali, na bei yake imezaa desturi mbili mbaya. Ya kwanza ni kungoja nepi ijae. Iangaliwe kila saa 2 au 3 mchana. Yenye kinyesi ibadilishwe papo hapo. Anayevaa nepi muda wote atahitaji 4 hadi 6 kwa siku, na familia ifanye bajeti kwa idadi hiyo, isiifanye kwa 2 na kumwacha mzee alipie tofauti kwa ngozi yake. Namna ya kweli ya kupunguza gharama ni poti: mkalishe kila saa 2 au 3, na kila baada ya chakula, hata kama hajaomba. Wengi wanaoonekana kuwa hawawezi kuzuia mkojo kumbe hawawezi kufika chooni, jambo tofauti kabisa. Vitambaa vya pamba vilivyokunjwa mara kadhaa vinafaa pia, mradi vifuliwe na vikauke juani. Kwa mwanamume, bidoni ndogo iliyokatwa hutumika kama chupa ya mkojo. Kingo zake zifungwe kwa kitambaa na utepe, kwa kuwa plastiki iliyokatwa ni wembe.

Desturi ya pili ni kumnyima maji kuanzia mchana ili asilowe usiku. Ni ya hatari. Mkojo uliokolea unachoma ngozi na kibofu, unanuka zaidi, unaleta maambukizi. Mzee anakauka, anafunga choo, anaanza kuzungumza ovyo. Mpe vikombe vyake kama kawaida, na vya mwisho viwe saa moja au mbili kabla ya kulala, kisha poti.

Mashuka yenye kinyesi yalowekwe kwenye klorini ya asilimia 0.05, ambayo watu wa hapa waliizoea wakati wa Ebola: kijiko kimoja cha mezani cha unga wa klorini wa asilimia 70 ndani ya lita 20. Vijiko 10 hutoa asilimia 0.5, kwa sakafu na ndoo. Klorini ya namna yoyote isitumike kumwosha mzee.

Na harufu ya uzee ipo? Ipo. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walieleza kemikali inayotokea kwenye ngozi kadiri umri unavyopanda, yenye harufu hafifu ya mafuta na majani. Haijazi chumba wala haimkaribishi mgeni mlangoni. Inayokukaribisha mlangoni ni mkojo uliokaa, kinywa, mikunjo au kidonda, na kila kimoja kina kazi yake iliyoachwa.

Kuna kizuizi kingine ambacho vitabu vya ng'ambo havikitaji: haya. Katika familia nyingi za Kivu mkwe hamwoshi mkwe, na mtoto wa kiume kumwosha mama yake ni jambo linalomuumiza kila mmoja. Matokeo yake kazi haina mwenyewe, halafu inaangukia kwa msichana wa miaka 12 anayeacha shule. Hilo nalo ni kutelekeza, kwa wawili mara moja. Kikao cha familia kiamue kwa majina: nani anaosha, siku zipi, nani anamlipa, nani anampumzisha. Mjukuu mtu mzima, ambaye tangu zamani ana ruhusa ya utani kwa babu na nyanya yake, mara nyingi huweza kile ambacho mkwe hawezi. Na yeyote anayeosha aseme kabla ya kugusa: "Koko, sasa naosha mkono wako wa kuume. Maji haya yanafaa, au ni baridi?" Kisha angoje jibu.

Koko akikataa, msilazimishane. Kukataa si kiburi, na kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu si uchawi wala pepo, ingawa wapo waliofukuzwa nyumbani kwa tuhuma hiyo. Mtu asiyekutambua anakuona ukimvua nguo, wewe ungefanyaje? Ahirisha dakika 20 na urudi na sauti nyingine. Usimwagie maji kichwani, nywele zioshwe siku yake. Mpe kitambaa ashike. Utafiti uliofanywa katika nyumba za wazee Marekani na kutolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kumwosha mzee akiwa amefunikwa kwa taulo kubwa lenye maji vuguvugu na sabuni laini kulipunguza sana kelele na mapigano ya wakati wa kuoga. Kitambaa kizito cha pamba kinafaa kwa kazi hiyo.

Kwa familia iliyompeleka mzee kwenye nyumba ya kulelea: msiende kila Jumapili saa ile ile. Angalieni kinywa, kiganja, nyuma ya masikio, kitovu, kati ya vidole vya miguu, visigino na mkia. Ulizeni nani anamhudumia zamu hii, kwa jina, na muombe kuona daftari: alioshwa lini, aligeuzwa saa ngapi, alibadilishwa mara ngapi. Daftari lililoandikwa "alikataa saa 4, tukarudi saa 8, akakubali" ni dalili ya nyumba inayofanya kazi. Daftari lenye alama zile zile, kwa kalamu ile ile, mwezi mzima, limeandikwa siku moja. Mkiona upungufu, anzeni na msimamizi, mkikubaliana kitu kimoja na tarehe yake. Kisipofanyika, nendeni kwa daktari mkuu wa zone ya afya na kwa Division ya Mambo ya Kijamii ya mkoa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinampa mtu mzee haki ya hatua maalumu za ulinzi. Jitoleeni pia vitu vinavyokatwa kwanza: nepi, mswaki, mashuka mawili ya akiba, saa moja ya mikono yenu.

Usingoje Jumapili ijayo ukiona haya: homa, kidonda cheusi au kinachotoa usaha au kinachoonyesha mfupa, ngozi ya mkia iliyofunguka, mzee aliyekuwa akizungumza vizuri jana na leo amechanganyikiwa, asiyemeza maji siku nzima, au ambaye hajakojoa kwa saa 8. Ni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Bebeni daftari, kwa sababu muuguzi atauliza alikunywa kiasi gani, alikojoa mara ya mwisho saa ngapi, na ngozi ilianza kubadilika rangi tarehe gani.